Rehani Hailipwi Vipande

Habari ya kifo cha Mzee Hemedi niliipata kwa simu, kwenye kundi letu la watu wa Quionga, nikiwa jikoni kwangu hapa Pemba, Pemba ya Msumbiji, si ile ya Zanzibar. Mwanawe mkubwa ndiye aliyetuma sauti kutoka Mtwara, walikohamia wakati wa vita kama walivyohamia wengi wetu. Alisema baba amezikwa alasiri, akataja siku ya hitima, kisha akamaliza kwa yale maneno ambayo kila mtoto wa Kiislamu huyasema mbele ya maiti ya baba yake: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu naye ajijue. Baada yake watu wakamiminika na rambirambi zao. Mzee wa watu. Mzee wa kheri. Mzee aliyesomesha watoto wa maskini. Hapo kwenye kusomesha ndipo nilipoilaza simu kifudifudi juu ya meza na kutamka, peke yangu, neno ambalo mama yangu angelisikia angenisugua ulimi kwa majivu. Mungu amrehemu. Najua kumkasirikia maiti hakufai kitu. Lakini hasira ninayo, na sioni sababu ya kuiombea radhi.

Ilinikuta vibaya pia kwa sababu siku zile zile binti yangu alikuwa amenikalia kooni. Anamaliza sekondari mwaka huu, naye anataka kujua kama kusomea mambo ya jamii kunalipa. Analiuliza neno hilo wazi, kunalipa, jinsi vijana wa siku hizi wanavyouliza kila kitu, na baba yake anamwambia muulize mama yako, yeye ndiye aliyeyasomea. Mimi namjibu kwamba inategemea, jibu la mwoga. Jibu lenyewe ni mwaka mmoja, ule niliorudi nyumbani kutoka chuo cha Nampula na shahada ya sosiolojia, na siwezi kulitoa huku nakata vitunguu. Kwa hiyo nimekaa niliandike.

Mtu asiye wa kwetu lazima kwanza aelewe habari ya minazi. Kwetu mnazi una mwenyewe wake, hata kama umesimama juu ya ardhi ya mwingine. Unarithiwa, unagawanywa, unatajwa kwenye mahari. Mtu akikwama hauzi mnazi, maana kuuza ni kuwafukuza wazee wake. Anauweka rehani. Mwenye pesa anakupa kiasi mnachokubaliana, mbele ya mashahidi, naye anaichukua minazi. Anapeleka wakwezi kila baada ya miezi mitatu. Nazi zake, makuti yake, vifuu vyake, mpaka siku utakayomrudishia pesa yake kamili mbele ya mashahidi wale wale. Nazi alizokula hazihesabiwi. Ale mwaka mmoja au ale ishirini, deni linabaki vile lilivyokuwa siku ya kwanza. Na jambo hili halisemwi. Kijiji kizima kinajua minazi ya nani iko kwa nani, lakini hakuna anayelitamka, na mwenyewe ukimuuliza atakutazama usoni akwambie minazi ni yake, hadaiwi na mtu. Ni heshima. Nimeisoma heshima hiyo kwenye vitabu, ina majina mazuri huko. Kwetu jina lake ni kufa na tai shingoni.

Mama aliweka minazi kumi kwa Mzee Hemedi nilipoanza chuo, akaongeza mingine kila mwaka, mpaka mwaka wa mwisho yote arobaini ikawa imeingia, pamoja na ule mmoja uliosimama karibu na bafu letu la makuti. Ulipodondosha nazi, hata usiku wa mvua, mama aliiokota asubuhi akaenda kuiweka kwenye ukuta wa duka la Mzee Hemedi. Hakuna aliyemlazimisha. Nazi ilikuwa ya mtu, na yeye hakula cha mtu.

Siku niliyorudi walinipikia. Diploma yangu, maana kwetu cheti cha shahada nacho huitwa hivyo, mama aliivisha plastiki akaitundika chumba cha mbele, juu ya kitanda cha kamba, mahali ambapo hata anayepita njiani angeiona mlango ukiwa wazi. Kulikuwa na wali wa nazi, pweza aliyepondwa akalainika, na samaki changu wawili wakubwa ambao sijui alilipia nini. Nilikuwa nimeketi kizingitini wakati mdogo wangu Fatu aliporudi na kikapu cha nazi kichwani. Nikamuuliza amezitoa wapi. Akasema dukani kwa Mzee Hemedi. Nikauliza kwa mkopo au taslimu. Akasema taslimu, mama hakopi. Nikaitazama minazi yetu, ilikuwa pale pale mbele yangu, vichwa vimejaa, na mama yangu alikuwa amenunua nazi za kuipikia sherehe ya kisomo ambacho nazi hizo hizo zilikilipia. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mzee Hemedi alikuja kula akiwa mgeni wa heshima, kanzu nyeupe, miguu imeoshwa, mpole kama kawaida yake. Alimsifu mama kwa mkono wake wa mapishi. Alinisifu mimi. Akasema leo tumeiona faida ya mnazi, na wanaume wote mkekani wakacheka kwa furaha ya kweli.

Nilipokwenda kuoga jioni, upande wa pili wa makuti walikuwepo majirani wawili wakiosha vyombo, nao walikuwa wakinijadili. Mmoja aliuliza sosiolojia ndiyo kitu gani. Mwenzake akasema ni kusomea watu. Wa kwanza akafikiri, akasema basi kumbe ni kama wale wanaowasomea wenye majini, kazi hiyo haikosi wateja. Wakacheka. Kisha wakaingia kwenye mshahara wangu. Walikuwa wameshaupanga: bati la mama, kisima cha saruji, Fatu ahamishiwe shule ya Palma amalizie darasa la kumi na mbili, na mama aende Makka kabla magoti hayajamwisha. Nilisimama na kata ya maji mkononi, sina hata kazi, nikiwasikiliza wakitumia pesa yangu vizuri kuliko mimi mwenyewe nilivyowahi kuota. Hawakuwa na ubaya. Ndiyo hesabu tuliyofundishwa sote, kwamba mtu akisoma anarudi na pesa, kama mkwezi anavyoshuka na nazi.

Kazi niliipata Palma, kwenye shirika moja ambalo sitalitaja jina, na sikuipata kwa sababu ya diploma tu, niliipata kwa sababu nilijua Kireno cha kuandikia na Kiswahili cha kuulizia. Mkataba wa miezi mitatu, malipo ya siku kwa siku, yakilipwa mwisho wa mwezi kama Maputo wamekumbuka. Nilikaa kwa Sharifa, rafiki yangu wa utotoni, ambaye babu zake walitoka Mikindani na ambaye aliacha shule darasa la saba akaingia biashara ya kuvuka mto Ruvuma. Chumba chake ndicho kilichokuwa ghala lake. Nililala kati ya magunia ya mchele na mabeseni ya plastiki yaliyopangwa mpaka darini, nguo zangu zote zikanuka sabuni ya mche, na asubuhi nilijifuta vumbi la unga nikaenda ofisini kuitwa doutora, maana kwetu Msumbiji kila mwenye shahada huitwa hivyo, hata kama amekunywa chai ya rangi bila kitafunwa.

Siku mshahara wa kwanza ulipotoka, tulikaa chini na Sharifa tukala mihogo ya kuchemsha na dagaa, na nikazimwaga zile pesa mkekani ili nione zinafika wapi. Tulitoa kodi yangu kwake, ambayo yeye hakuitaka nikamlazimisha. Tulitoa chakula, nauli, na kile ambacho lazima nimtumie mama ili watu waone kwamba namtumia. Kilichobaki nikakilinganisha na deni la minazi. Sharifa aliangalia, akaangalia tena, akaniuliza Nampula walinifundisha nini hasa. Nikamwambia walinifundisha kwa nini maskini wanabaki maskini. Akasema hilo wangelikufundisha bure hapa kwetu. Hakuwa ananidharau, alinijazia chai na sukari nyingi jinsi mtu anavyomfanyia mgonjwa. Lakini nilielewa usiku ule kwamba kwa mwendo ule minazi ya mama ingerudi nikiwa kikongwe, kama ingerudi, na kwamba hakuna mtu yeyote, si mwalimu, si mhadhiri, si mzee wa kijiji, aliyewahi kunikalisha chini kabla sijaondoka akanionyesha hesabu ile rahisi. Wote walisema soma. Soma ni neno jepesi kwa asiyelipa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuingia nyumba kwa nyumba na kuuliza maswali. Mnakula mara ngapi, mna redio, mna mbuzi, choo kiko wapi. Mwishoni kulikuwa na swali kama kaya ina deni. Siku moja, kijiji kimoja njia ya Quionga, nilimuuliza mwanamke wa rika la mama yangu. Nilimjua. Nilijua minazi yake iko kwa nani na kwa sababu gani, mwanawe alikuwa amepasuliwa tumbo Pemba. Alinitazama, akakunja kanga yake vizuri, akajibu kwamba hawana deni, alhamdulillahi, na minazi ile yote ni yao. Nikaandika. Nyumba iliyofuata hivyo hivyo. Nyumba zote hivyo hivyo. Jioni nilimwendea chefe wetu, mkubwa wa kazi, kijana wa Maputo mwenye viatu visivyoshika mchanga, nikamweleza jambo la rehani, kwamba hapa kuna deni kila ua na kwamba swali letu haliwezi kulifikia kwa sababu ya namna linavyoulizwa na nani anasikia. Nilieleza vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi niliona kisomo changu kinafanya kazi, kinashika kitu ambacho bila kisomo kingepita. Alinisikiliza huku anafunga kompyuta. "Doutora," akasema, "sisi tunaandika wanachosema." Ripoti ilipotoka, kwenye karatasi nene yenye picha za watoto, ilisema kaya za pwani ya kaskazini hazina desturi ya kukopa. Mkataba wangu ulipoisha haukuendelezwa, na sikuambiwa kwa nini.

Kabla haujaisha, katika mwezi wa Ramadhani, nilikuwa nimefanya jambo ambalo hadi leo linanichemsha. Nilikusanya nilichonacho, nikaongeza alichonikopesha Sharifa, ikafika kiasi cha minazi kumi ya kwanza. Nikaenda Quionga. Mzee Hemedi alikuwa kwenye baraza ya duka lake, ametandika busati, anasoma juzuu yake kwa sauti ndogo. Alinikaribisha, akauliza afya, akauliza kazi. Nikamwambia nimeleta kidogo, naomba minazi kumi irudi kwa mama kabla ya Idi. Aliitazama ile pesa bila kuigusa.

"Mwanangu Somoe," alisema, "rehani hailipwi vipande."

Nikamwambia mama aliweka kumi kumi, si yote kwa mara moja.

"Ilikuwa hivyo. Mwaka wako wa mwisho alipokuja kuongeza, tuliifanya moja. Mashahidi walikuwepo. Muulize mwenyewe, hatakuficha."

"Umekula nazi za miaka minne, baba. Nimepiga hesabu. Ulichotoa kimesharudi, tena kimezaa."

"Umehesabu nazi. Wakwezi umewahesabu? Panya? Mwaka ule bei ilipoanguka, ulikuwepo?" Hakupandisha sauti. "Mimi sikumkopesha mama yako kwa riba. Riba ni haramu, na leo nimefunga."

"Na hii ni nini?"

"Hii ni kusaidiana. Benki ya Palma ilimsaidia? Serikali ilimsaidia? Nani mwingine hapa alisema mtoto wa kike aende Nampula?"

Lililoniuma zaidi ni kwamba ilikuwa kweli. Hakuna mwingine. Aliyekuwa tayari kuniamini alikuwa yule yule aliyekuwa tayari kutunyonya, na alifanya yote mawili kwa moyo mweupe. Nilifikiria kwenda kwa mwalimu wa madrasa, aliyetufundisha tukiwa wadogo kwamba mkopo unaomletea faida mkopeshaji una harufu ya riba, lakini mwalimu huyo ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza wa mama. Mzee Hemedi akaingia ndani akanitolea kilo ya sukari, ya mama ya kufuturia. Nikaipokea. Ningependa kuandika kwamba niliikataa. Lakini ilikuwa Ramadhani, na nyumbani sukari haikuwepo, na mama aliponiona nayo akamwombea mzee yule dua ndefu ambayo niliisikiliza mpaka mwisho kichwa kimeinama. Nilipomuuliza kwa nini alikubali rehani zote zifanywe moja, aliniambia nilikuwa nimebakiza mtihani, na mtu aliyebakiza mtihani habishani.

Baada ya hapo nilikwenda wilayani kuuliza ajira ya serikali. Waliniambia nafasi za mwaka ule ni za walimu na wauguzi, nirudi mwaka unaofuata, na mlinzi wa getini aliyenisikia, aliponiona natoka, aliniambia kwa huruma kwamba yeye pia ana diploma. Nilirudi chumbani kwa Sharifa nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, nikapiga teke mabeseni yake yakaporomoka yote. Aliyaokota moja moja. Kisha akasema ana nafasi ya mtu wa pili kuvuka naye, na kwamba nikimaliza kulia nitafute viatu vya kukanyagia matope.

Sitaipamba biashara ile. Tulivuka kwenda Mtwara na pesa, tukarudi na mchele, sabuni, mafuta ya kula na vitenge, na Palma ya wakati ule ilikuwa imejaa watu wa kuja wenye mishahara, walionunua bila kuuliza bei mara mbili. Kwenye mto tulipanda mtumbwi na magunia, mimi nikiwa nimeshika begi la karatasi zetu juu ya kichwa. Kazi yangu kubwa ilikuwa upande wetu, kwa watu wa forodha, ambao zamani walimlipisha Sharifa kila walichojisikia kwa sababu walimsemesha Kireno naye akaitikia kwa kichwa. Mimi niliwasomea kanuni yao wenyewe, iliyobandikwa ukutani nyuma ya viti vyao. Walikasirika wiki mbili, kisha wakazoea. Mabega yangu yalichubuka, mgongo ukajifunza uzito wa gunia, na kabla mvua hazijaanza nilikuwa nimemlipa Sharifa alichonikopesha na kushika deni lote la minazi mkononi, kamili, pesa ambayo shahada yangu isingenipa kwa miaka. Watu walidhani nitaona aibu, doutora mzima kuuza sabuni sokoni. Aibu sikuiona hata siku moja. Nilichokiona ni uchungu wa kuwa nimekaa miaka minne nikisoma juu ya soko, kwa nazi za mama yangu, ili nije nijifunze soko kwa miezi michache juu ya gunia.

Nilizifunga zile noti kwa uzi mnene wa kushonea magunia, nikaupiga mafundo mawili, nikaenda Quionga siku ya Ijumaa baada ya swala. Mama alitandika mkeka mpya chumba cha mbele. Walikuja Mzee Hemedi, mwalimu wa madrasa, na mjomba Shabani, kaka yake mama, shahidi wa pili. Fatu alikaa mlangoni na vikombe vya kahawa. Alikuwa amemaliza darasa la kumi na mbili wiki chache kabla. Nikaliweka lile furushi katikati. Mzee Hemedi alilinyanyua, akalipima kwa kiganja, akalirudisha chini bila kulifungua. Akasema mtoto wa Mama Somoe hahesabiwi pesa. Ilikuwa heshima kubwa, na mama akafuta jicho. Mwalimu akatamka kwamba minazi imerudi kwa mwenyewe. Kwa muda wa kama kumeza kahawa moja, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kaskazini ya Msumbiji.

Mjomba Shabani ndiye aliyeanza. Akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga hotuba, kwamba kisomo kimelipa. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba pesa zile si za kisomo. Ni za mchele na sabuni, na Sharifa aliyeishia la saba ndiye aliyenifundisha kuzipata. Wakatabasamu kana kwamba najishusha kwa unyenyekevu. Nikarudia, safari hii bila adabu nyingi. Nikasema kisomo kilinilipa malipo ya miezi mitatu na hayakutosha hata minazi kumi.

"Na wale wa forodha," Mzee Hemedi akaniuliza taratibu, "uliwasemesha lugha gani?"

"Kireno."

"Ulikitoa wapi?"

Wakacheka, hata mama. Nilijua hoja ile ina tundu kubwa la kupita gari, kwamba Kireno cha forodha hakihitaji miaka minne ya chuo wala minazi arobaini, lakini kicheko kikishatoka hoja haina pa kukaa. Na katikati ya kicheko kile mama akajisafisha koo. Akasema, mzee, usizitie mfukoni kwanza. Akasema Fatu amechukuliwa Nampula, chuo kile kile, na masomo yanaanza mvua zikikatika. Akasema kama mzee ataridhia, minazi irudi rehani kwa kiasi kile kile, na mashahidi ndio hawa, wasisumbuke kuja mara ya pili.

Mwanamke kijana hasemi mbele ya wazee katika jambo kama lile, na msomi ndiye anayetakiwa ajue hivyo kuliko wote. Nilisema. "Mama, minazi yenyewe hata hatujalala nayo. Hujakula hata nazi moja."

Hakunigeukia. Alikuwa anaunyoosha ukingo wa mkeka kwa mkono. "Mimi sina kitu kingine, Somoe. Nina minazi na nina nyinyi wawili. Minazi haitanizika."

Hapo nilinyamaza, na nimekasirikia kunyamaza kwangu tangu siku ile, ingawa sijui hadi sasa ningesema nini. Mzee Hemedi hakuonyesha tamaa, nisimsingizie. Alionekana kama mtu aliyeombwa msaada asioweza kuukataa. Alilisukuma lile furushi kwa vidole viwili, likavuka mkeka kutoka mbele yake hadi mbele ya mama, uzi wangu na mafundo yangu mawili kama nilivyoyafunga. Pesa ya mgongo wangu haikutoka chumbani. Mwalimu akasema tusome Fatiha, viganja vikapanda vyote, na Fatu mlangoni akalia kwa furaha. Minazi ilikuwa imekuwa yetu kwa muda usiozidi kupoa kwa kahawa, na hakuna hata mtu mmoja kati yao aliyeona jambo la ajabu.

Binti yangu akisoma haya atasema ningempa Fatu pesa mkononi, rehani ingebaki palepale ilipokuwa, na wala nisingejisumbua kuita mashahidi. Ni kweli. Ingekuwa vile vile kabisa, na ndiyo maana siwezi kuisahau: kulipa na kutolipa kulikuwa na mwisho mmoja. Deni la pili tulikuwa bado tunalikusanya, mimi na Fatu, vita vilipoingia na kila mtu akashika njia yake. Mama alizikwa huku Pemba, mbali na minazi, na sisi wawili ndio tuliomzika, kama alivyosema.

Pesa zile, mama ndiye aliyeniambia nizipeleke chuoni mimi, kwa kuwa naijua njia ya Nampula. Nilimkasirikia kila aliyekaa kwenye mkeka ule, lakini Fatu hakuwa na kosa, na mtoto hawezi kusafiri peke yake na minazi arobaini ndani ya mkoba. Tukapanda basi. Kwenye dirisha la malipo la chuo nilikata uzi kwa meno, nikahesabu noti, nikazisukuma chini ya kioo. Kijana wa ndani akaandika jina, akaandika tarehe ya kuzaliwa, kisha bila kuinua macho akauliza mwanafunzi anasomea nini. Nilikuwa sijamuuliza. Njia nzima, siku mbili za basi, sikuwa nimemuuliza. Nikamgeukia Fatu, amesimama nyuma yangu na sanduku lake jipya. Akanitajia kozi yangu, akasema ameichagua kwa sababu ameona ilivyotulipa.

Nikaitamka dirishani. Yule kijana akaiandika. Hakucheka. Angecheka ningempiga.